Amplifaya ya Kinanda kwa Bendi Yenye Bajeti Ndogo: Ipi Itangulie

Mpiga kinanda anayeingia dukani na fedha kidogo huonyeshwa kwanza idadi ya wati, kisha hupigiwa besi nzito hadi rafu zitikisike, na mara nyingi hununua kwa sababu hizo mbili. Jukwaani hazimfai sana. Anachokihitaji huko ni akiba ya nguvu, yaani uwezo wa chombo kutoa sauti safi juu ya ngoma, gitaa la solo, la ridhimu na la besi bila kuanza kukwaruza. Nimepiga kinanda katika bendi ya harusi kwa miaka kadhaa, na nimeshuhudia amplifaya ya wati 40, iliyotosha kabisa chumba cha mazoezi, ikizama tangu wimbo wa kwanza wa sherehe ya uwanjani ingawa ilikuwa imefunguliwa hadi mwisho. Kwa hiyo mpangilio wangu unapima akiba hiyo kwanza, na mengine baadaye.

Wati zenyewe zisomwe kwa makini. Zipo wati za kilele, ambazo chombo huzifikia kwa muda mfupi mno, na zipo wati za kudumu, ambazo kinaweza kuzitoa wimbo mzima. Spika ya Yamaha DBR10, kwa mfano, hutangazwa kwa wati 700, lakini za kudumu ni 325. Tena, kuongeza wati maradufu huongeza desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 3 tu, na ili sikio lihisi kwamba sauti imekuwa kubwa mara mbili huhitajika takribani wati mara 10. Ndiyo maana sioni sababu ya kulipa zaidi kwa kutoka wati 50 hadi 60. Takwimu yenye manufaa zaidi ni kiwango cha juu cha sauti kwa desibeli, kwa kuwa ngoma za seti peke yake huzidi desibeli 100 karibu na mpigaji, na mahali pa wazi pasipo kuta za kurudisha sauti hupotea desibeli 6 kila umbali unapoongezeka mara mbili.

Nafasi ya kwanza naipa spika ya PA, yaani ya kutangazia sauti ukumbini au uwanjani, yenye amplifaya ndani yake, ya inchi 10 au 12, hata kama muuzaji atasema kwamba si amplifaya ya kinanda. Noti za piano huanzia hezi 27.5 (mitetemo kwa sekunde) na kufikia hezi 4,186, na sauti tanzu zinazozipa mng'ao wake hupanda juu zaidi ya hapo, hivyo kinanda kinahitaji spika yenye twita, yaani spika ndogo ya sauti nyembamba, na isiyobadili rangi ya sauti. Spika ya PA imetengenezwa kwa kazi hiyo hasa. DBR10 niliyoitaja hufikia desibeli 129 na ina uzito wa kilo 10.5, jambo ambalo anayesafiri kwa bajaji na kinanda mgongoni atalithamini, na inaweza kulazwa sakafuni ikuelekee wewe mwenyewe. Zipo za bei nafuu zaidi, kama Mackie Thump12 na za Alto, ambazo nazo zinastahili kusikilizwa. Upungufu wake ni matundu machache ya kuingizia sauti: mwenye vinanda viwili na maiki atalazimika kuongeza mixa ndogo, yaani kifaa cha kuchanganyia sauti.

Ya pili ni amplifaya halisi ya kinanda yenye wati 90 au zaidi na spika ya inchi 12. Roland KC-200, yenye wati 100 na chaneli 4, humfaa mpigaji wa taarabu ya kisasa ambaye kinanda chake kimebeba kazi iliyokuwa ya fidla na akodioni, na ambaye hupenda kurekebisha kila chombo kwa mkono wake bila kumsubiri fundi mitambo. Behringer K900FX ya wati 90 huifuata kwa mbali kidogo, kwa bei ya chini.

Chombo kikubwa kilichotumika nakiweka cha tatu, juu ya kidogo kipya, kwa sharti moja zito. Mitumba mingi inayotoka Marekani imetengenezwa kwa volti 120, ilhali umeme wa Tanzania ni volti 230 na wa Kenya 240. Kuichomeka moja kwa moja ukutani ni kuiunguza. Soma kibandiko cha nyuma kabla ya kuzungumzia bei, na ikiwa ni ya volti 120 pekee, gharama na uzito wa transfoma uviingize katika hesabu.

Ya nne ni amplifaya ndogo za wati 40 hadi 50, kama Peavey KB 2, Behringer K450FX na Roland KC-80. Hizi ni nzuri kwa mazoezi na mgahawa mdogo. Hata hivyo, kama bendi ina mixa na spika kubwa za ukumbi, na kinanda kinapelekwa huko kwa waya wake, amplifaya ndogo inatosha kukusikilizisha mwenyewe, na hapo ningeipandisha hadi nafasi ya pili.

Amplifaya ya gitaa huja mwisho, kwa sababu spika yake isiyo na twita hudhoofika baada ya takribani hezi 5,000 na kuifanya piano isikike kama imefunikwa blanketi. Sabufa ya nyumbani usiipeleke jukwaani kabisa.

Nenda kujaribu ukiwa na kinanda chako mwenyewe. Tumia tundu la kutolea sauti la kinanda lililoandikwa L/MONO peke yake, kwa maana sauti za piano zilizorekodiwa kwa stirio zikichanganywa ovyo katika spika moja hufutana na kuwa nyembamba. Punguza besi, kwani jukwaani eneo hilo ni la gitaa la besi, kisha piga akodi za katikati kwa nguvu huku mwenzako akiongeza sauti, naye asimame hatua 10 mbele na kukuambia ni wapi mikwaruzo inapoanza. Ikianza kabla kitufe cha sauti hakijafika nusu, kiache chombo hicho. Katika maduka ya Kariakoo au ya Luthuli Avenue jijini Nairobi kelele za mtaa huficha mvumo wa umeme, hivyo shusha sauti ya kinanda hadi sifuri na uweke sikio karibu na spika. Baada ya hapo omba chombo kiendelee kupigwa kwa dakika 20, na ukiguse mgongoni kuona kama kimepata joto kupita kiasi kabla hujatoa fedha.