Orlistat ya 60 au ya 120?

Dawa ni ileile, orlistat, ya kupunguza uzito; kinachotofautiana ni kipimo. Huzuia vimeng'enya vya kusaga mafuta tumboni, na mafuta yasiyosagwa hutoka na choo.

Xenical ya miligramu 120, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1999 kwa cheti cha daktari, huzuia karibu asilimia 30 ya mafuta uliyokula. Alli ya miligramu 60, iliyoruhusiwa huko mwaka 2007 kuuzwa bila cheti, huzuia kama asilimia 25. Kipimo mara mbili, faida imeongezeka kidogo tu! Mimi ningeanza na 60.

Kwenye madhara hakuna afadhali kubwa. Ukila chipsi mayai juu ya kidonge chochote kati ya hivi, usiende mbali na choo, na suruali nyeupe iache kabatini.

Kidonge humezwa pamoja na mlo wenye mafuta, au ndani ya saa moja baadaye. Umeruka mlo? Ruka na kidonge. Vitamini A, D, E na K hupotea pamoja na mafuta, hivyo meza multivitamini wakati wa kulala. Anayetumia warfarin (dawa ya kuzuia damu kuganda), ARV, dawa za kifafa au za tezi ya shingo amwone daktari kwanza, hata kwa ile ya 60. Wajawazito na wanaonyonyesha wasiguse yoyote.