Raundi ya Jumamosi na Baba, uwanja wa Baobab, Vipingo

Sina kadi ya uanachama wa klabu yoyote ya gofu, na sidhani nitakuwa nayo karibuni. Nilijifunza mchezo huu utotoni, nikauacha nilipoanza kazi, nikaurudia miaka sita iliyopita. Tangu hapo nimecheza kwa mialiko: mashindano ya hisani yanayolipiwa na kampuni, au rafiki mwenye uanachama akiniombea nafasi. Kwa hiyo ninayoyasema hapa ni ya mtu anayekuja kwa siku moja, anacheza, anarudi nyumbani. Kama na wewe ni wa hivyo, endelea kusoma.

Aliyenifundisha ni Baba. Alibeba mifuko ya gofu miaka ishirini na miwili katika klabu moja ya wanachama huku Pwani. Makedi wa wakati wake waliingia kwa lango la nyuma, wakakaa chini ya mwembe wakisubiri kuitwa, na siku yao ya kucheza ilikuwa Jumatatu basi. Jumatatu hizo ndizo alizonichukua, mimi na fimbo moja kuukuu, namba saba, mpini wake umezungushiwa ukanda wa tyubu ya baiskeli. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kupiga mpira Jumamosi. Mwaka huu ametimiza miaka 68. Nikapiga simu Vipingo Ridge, ulipo uwanja wa Baobab, nikaomba nafasi mbili, Jumamosi ya mwezi wa nane, saa moja u nusu asubuhi.

Tulitoka Kisauni kabla ya adhana ya alfajiri. Ukichelewa, foleni ya Mtwapa itakukamata na saa yako ya kuanza itakupita ukiwa ndani ya gari. Ukishaivuka Mtwapa njia ni nyepesi: Kikambala, Majengo, kisha mkonge unaanza kujipanga mistari pande zote za barabara. Uwanja wenyewe uko juu, kwenye tuta la ardhi linaloitazama bahari, na kabla hujafika langoni masikio yanakwambia umepanda. Ardhi ile nayo ilikuwa ya mkonge zamani. Mibuyu iliachwa ilipokuwa, ndiyo maana uwanja ukaitwa Baobab.

Aliyeuchora ni David Jones wa Ireland Kaskazini. Una mashimo 18, na hesabu ya mchezaji stadi ni mapigo 72. Wanawake wa ligi ya kulipwa ya Ulaya wamecheza hapa mashindano ya Magical Kenya Ladies Open. Esther Henseleit wa Ujerumani alishinda Desemba 2019, na Februari 2024 akashinda Shannon Tan wa Singapore. Nawataja kwa sababu niliyafuatilia mashindano yale ya 2024, na kukanyaga nyasi zile zile walizopita wao ni jambo ambalo kwenye soka hutalipata. Hakuna atakayekuruhusu wewe na mzee wako mkacheze dakika tisini Kasarani kwa kulipa kiingilio.

Mapokezi yao ndiyo yaliyonifanya nikae chini kuandika. Nilikuwa na wasiwasi mmoja ambao sikumwambia Baba: kwamba atakapoingia, mtu atamuuliza amemsindikiza nani. Dada wa mapokezi alisimama, akamwamkia shikamoo, akamuuliza, "Mzee, utachukua kigari au utatembea?" Hilo tu. Baba akajibu atatembea. Akaandikwa jina kwenye kadi ya alama, akapewa penseli, akaitia mfukoni mwa shati kama mtu aliyekuwa akipewa kila wiki.

Fimbo tulikodi. Kwa anayekodi, ushauri wangu ni huu: zihesabu na uzikague kabla hujaondoka dukani. Kuna uwanja mmoja wa hoteli, sitautaja, nilikodi mfuko nikafika kwenye grini ya kwanza, yaani zile nyasi fupi zinazozunguka shimo, ndipo nikagundua hauna pata, fimbo ya kusukumia mpira shimoni. Nilimalizia shimo lile kwa fimbo namba tatu. Safari hii Baba aliukagua kila mfuko. Alipitisha ukucha wa kidole gumba kwenye mifereji ya uso wa kila fimbo, moja baada ya nyingine, akavuta mpini kidogo kuona kama umelegea, akazipanga upya kwa utaratibu wake, ndefu juu, fupi chini. Sheria inaruhusu fimbo zisizozidi 14. Alihesabu, akazikuta 13, akatikisa kichwa kuridhika. "Hizi zinapigika," akasema.

Sasa kuhusu kedi. Chukua kedi. Hata ukichukua kigari, chukua kedi. Sisi tulipewa wawili: Baba akapata kijana wa kutoka upande wa Takaungu, mimi nikapata dada mmoja mrefu, mkimya, mwenye jicho la kuona mpira uliozama nyasini kama jicho la mwewe. Tangu 2019 sheria inakupa dakika tatu tu za kuutafuta mpira, zamani zilikuwa tano, na pale juu nyasi za pembeni ni nene. Bila yeye ningerudi mikono mitupu. Nilipoteza mipira miwili siku nzima, yote miwili majini, ambako hata mwewe hasaidii.

Upepo ndio mwenye uwanja ule. Agosti ni msimu wa kusi, upepo utokao kusini, na kwa kuwa tuta liko wazi, hakuna jengo wala msitu wa kukukinga. Mashimo yanayoelekea kusini yanakuwa marefu kuliko yalivyoandikwa. Yanayorudi kaskazini unapiga mpira ukidhani umekosea, unauona unaendelea tu, unaendelea, hadi unaanza kuogopa utavuka grini. Kwenye shimo la nne, kedi wangu alinipa fimbo ya kupiga mbali zaidi, namba mbili juu ya niliyoomba. Nikamwambia itapitiliza. Akang'oa majani machache, akayaachia usawa wa bega, yakaruka nyuma yangu moja kwa moja. "Dada, upepo wa huku chini ni mdogo," akasema. "Tazama bendera." Bendera ilikuwa imenyooka kama ubao. Nikapiga alichonipa, mpira ukafika mwanzo wa grini kwa tabu.

Baba yeye hakuhitaji kuambiwa. Aliuweka mpira nyuma kidogo karibu na mguu wa kulia, akazungusha fimbo nusu tu, mpira ukaenda chini chini, ukagusa, ukadunda mara tatu, ukapanda wenyewe. Kijana wake akaniangalia. "Huyu mzee amecheza wapi?" Nikamwambia muulize mwenyewe. Hawakuacha kuzungumza mpaka shimo la mwisho.

Kuna jambo lilinitokea shimo la saba ambalo nitalikumbuka kuliko pigo lolote. Nilikuwa nimesimama na mpira kwenye mteremko, miguu haijakaa sawa, sijui nitumie fimbo gani. Nikageuka kama nilivyogeuka maisha yangu yote, nikamuuliza Baba: "Nipige namba ngapi?" Akanyamaza. Nikadhani hajasikia kwa sababu ya upepo, nikarudia. Akasema, "Leo mimi ni mchezaji mwenzako, mwanangu. Muulize kedi wako."

Ni kweli. Sheria hairuhusu mchezaji kumwomba ushauri mchezaji mwingine anayeshindana naye. Ukimwomba, adhabu ni mapigo mawili. Naye akikupa, yake ni hayo hayo. Wa kukushauri ni kedi wako. Miaka ishirini na miwili Baba alikuwa ndiye anayeulizwa. Ile Jumamosi alikuwa na kadi ya alama mfukoni, na aliichukulia kwa uzito wake wote. Niliandika mapigo yangu mawili ya adhabu kwenye shimo la saba, na yamebaki pale.

Katikati ya raundi, baada ya shimo la tisa, kuna mahali pa kunywa maji na kula kitu. Tulikula haraka, sina la kueleza zaidi ya kwamba chai ilikuwa ya moto.

Mashimo tisa ya mwisho ndiyo niliyoyapenda. Pundamilia walikuwa wanakula majani pembeni, hawajali mtu, na kule mbele mbuyu mmoja ulisimama mahali ambapo lazima uamue: uuzunguke au uupite juu. Mimi niliuzunguka. Baba aliutazama kwa muda, akaweka kiganja kwenye ganda lake alipofika, akasema mti huu umeona watu wengi wakikasirika. Chini kabisa bahari ilikuwa ya buluu nzito, ile ya kusi, na mstari mweupe wa mwamba ukikatika na kuunganika.

Grini zao ni za kasi, na zimechongwa kwa miinuko usiyoiona mpaka mpira uanze kujikunja. Kwenye shimo la kumi na nne Baba alibakiwa na hatua nne hivi kufika shimoni. Kijana akachuchumaa nyuma ya mpira, akafumba jicho moja, akaonyesha kwa kidole: "Mzee, lenga kushoto, nje ya shimo, upana wa kikombe cha kahawa." Baba akazunguka upande wa pili, akakanyaga polepole kwa soli, akisikiliza kwa miguu, kwa sababu ndivyo makedi wa zamani walivyosoma grini. Akasema hapana, mpira wa Pwani siku zote huvutwa na bahari, huu utakwenda kushoto. Kijana akasema kwa adabu kabisa, "Ungekuwa uwanja mwingine ningekubali. Hapa grini hii imeinuliwa, inarudi kinyume." Wakatazamana. Baba akapiga alivyoamini mwenyewe, na mpira ukajikunja vile vile kijana alivyosema, ukapita shimo kwa upana wa kidole.

Baba akacheka kwa sauti, akampa mkono. "Wewe ndiye mwenyeji," akamwambia. Kuanzia pale hakubishana naye tena, na kwenye shimo la kumi na saba, kwa ushauri wa yule kijana, aliingiza mpira kutoka mbali kiasi kwamba makedi wote wawili walipiga makofi.

Tulimaliza saa sita kasoro robo. Baba mapigo 94. Mimi 109, pamoja na yale mawili ya shimo la saba.

Kwa anayetaka kwenda: piga simu kabla, usijitokeze tu. Uliza bei ya wakazi na ubebe kitambulisho. Shati liwe na kola, na jinzi iache nyumbani. Viatu vya gofu si lazima viwe vipya. Vya Baba nilivitoa Kongowea kwa mitumba, nikanunua tu vijino vipya vya plastiki vya chini. Mipira beba zaidi ya unavyodhani. Kofia yenye ukingo mzima ni bora kuliko kapelo, kwa sababu jua la saa nne linakuja kwa pembeni na shingo ndiyo inayoungua. Ukitembea jiandae, ni zaidi ya kilomita nane na kuna vilima. Baba aliweza kwa kuwa miguu yake imezoea, lakini mimi jioni magoti yalikuwa yananidai. Na weka pesa za kedi pembeni tangu nyumbani, mbali na ada ya uwanja. Mtu amekubebea mfuko saa nne na kitu, amekutafutia mpira kwenye majani, amekuzuia kupiga fimbo isiyofaa mara kumi. Usianze kusaka chenji ukiwa umeshawasha gari.

Si uwanja wa mtu ambaye hajawahi kushika fimbo. Kajifunze kwanza mahali pa kupigia mazoezi, uweze kuuinua mpira kwa uhakika, ndipo uje. Utaufurahia zaidi, na wanaokufuata nyuma hawatasimama kukungoja. Lakini kama unaweza kumaliza shimo bila kupotea njia, na hujui utaanzia wapi kwa kuwa huna mtu wa kukualika, anzia hapa. Chagua vituo vya mbele vya kuanzia, vinafupisha uwanja, na hakuna atakayekucheka.

Njiani kurudi Baba hakusema mengi hadi Mtwapa, tulipokwama kwenye foleni. Akatoa ile kadi mfukoni, akaisoma shimo kwa shimo, akaniuliza yale mashindano ya wanawake huwa yanachezwa lini. Nikamwambia yale ya Henseleit yalikuwa Desemba na ya Tan Februari. Akahesabu kwa vidole. "Basi wote hao walicheza na kaskazi," akasema. "Shimo la nne upepo ulikuwa mgongoni mwao."

Tumeweka nafasi ya Januari. Anataka kulipiga la nne na upepo ukiwa nyuma yake, na ameomba apewe kijana yule yule.