Atlasi ya shilingi 600 kutoka kwa inama

Atlasi hii niliinunua mwezi wa tatu kando ya barabara ya Tom Mboya, pale wauza vitabu vikuukuu wanapotandaza bidhaa chini na mteja hana budi kuinama ili achague. Ndiyo maana sisi wa Nairobi tunaviita vibanda hivyo inama. Kijana alianza na elfu moja.

“Mathe, hii ni ya jalada gumu. Hebu iguse.”

“Nimeigusa, mwanangu. Kurasa za Australia ziko wapi?”

Akaichukua, akaifunua mwenyewe hadi karibu na mwisho, akaona kingo zilizochanika mahali karatasi mbili ziling'olewa. Hakubishana nami. Akashuka hadi 600 pale pale, akapangusa jalada kwa kitambaa chenye unyevu, akapitisha selotepu kwenye pembe iliyochakaa, akaifunga kwa gazeti. Akaniahidi kwamba akipata nyingine yenye Australia ataniwekea. Napita hapo kila mwezi kumwuliza, na kila mara ananikumbuka kabla sijafungua mdomo. Nimewahi kulipa pesa nyingi zaidi ndani ya maduka yenye vioo na nisitendewe hivyo.

Figo zangu zilichoka miaka mitatu iliyopita. Kila Jumatatu na Alhamisi nakaa kwenye kiti cha kusafishiwa damu kwa saa nne, sindano mbili zikiwa katika mkono wa kushoto, na mkono huo hautakiwi kusogea. Kwa hiyo kitabu chochote ninachokwenda nacho nakisoma kwa mkono mmoja, na hapo ndipo vingi vinaposhindwa. Mwaka jana nilinunua atlasi mpya katika duka moja la mjini kwa zaidi ya mara tatu ya bei hii. Imebandikwa kwa gundi tu. Ukiiachilia inajifunga, ukiikandamiza ikae wazi karatasi zinaanza kuchomoka. Herufi zake ni ndogo hivi kwamba kulisoma jina la Machakos nilihitaji tochi ya simu. Niliirudisha, nikaambiwa bidhaa ikishatoka dukani hairudi.

Hii kuukuu imeshonwa kwa uzi. Unaiweka mapajani, unaifunua, inatulia wazi kama mkeka. Karatasi yake ni nzito na haing'ai, kwa hiyo taa za dari hazikuumizi macho. Ubaya wake ni uzito. Kuipandisha matatu kutoka Umoja na mkoba mwingine begani ni kazi, na siku ambazo sina nguvu naiacha nyumbani kwa shingo upande.

Ilichapishwa 1994, na umri wake unaonekana. Kongo bado ni Zaire, Sudan bado ni moja, Eritrea ndiyo kwanza imepata mpaka wake. Kwa mtoto anayejiandaa kwa mtihani siipendekezi hata kidogo. Kwa mtu mzima naiona faida, maana unasoma nchi na historia yake kwa wakati mmoja. Bahari ya Aral, kwa mfano, imepakwa buluu pana ya kupendeza. Maji ya mito Amu Darya na Syr Darya yalielekezwa kwenye mashamba ya pamba tangu miaka ya 1960, na leo sehemu kubwa ya buluu ile ni mchanga na chumvi. Ukurasa huo huwa naupita haraka.

Nilifundisha jiografia shule ya msingi kwa miaka 31, na mahali pa mbali kabisa nilipowahi kufika ni Mombasa. Mshahara ulikuwa na watoto wa kusomesha, kisha ukaja ugonjwa, na sasa popote niendako lazima pawe na mashine ndani ya siku tatu au nne. Hilo halituzuii kusafiri kwa kidole. Mzee wa kiti cha jirani, dereva wa malori aliyestaafu, hungoja tu niifunue.

“Mwalimu, leo tunaelekea wapi?”

“Chagua wewe, Mzee.”

Yeye siku zote huchagua ziwa Baikal, kule Siberia. Siku ya kwanza nilimwambia kwamba kina chake kinafika mita 1,642, na kwamba limebeba karibu sehemu moja kati ya tano ya maji yote yasiyo na chumvi wala kuganda yaliyo juu ya uso wa dunia. Akafumba macho, akaniomba nirudie. Binti wa kiti cha dirishani anataka kusimama Mosi-oa-Tunya, maporomoko ya Victoria, mpaka nguo zilowe. Sisi tunapimiwa maji. Mimi naruhusiwa nusu lita kwa siku, chai na mchuzi vikiwa humo humo. Wiki kadhaa zilipita kabla sijatambua kwamba katika chumba kile hakuna aliyewahi kuchagua jangwa.

Safari yangu mimi iko katika ukurasa wa Afrika Mashariki, ambao skeli yake ni sentimita moja kwa kilomita 50. Naanzia Barawa, ufuoni mwa Somalia, ambako ramani imeandika “Brava” kwa namna ya Waitaliano. Wenyeji wake wana Kiswahili chao, Kimwini, ambacho nimekisoma vitabuni tu na sijawahi kukisikia kikizungumzwa. Vita vilipoanza 1991 wengi wao walikimbia, baadhi wakafika Mombasa. Ningekaa Barawa mwezi mzima nikisikiliza tu wanawake wakipatana bei ya samaki.

Kutoka hapo nafuata pwani kuelekea kusini: Pate, Lamu, Mombasa, Pemba, Unguja. Ukiweka rula kutoka Barawa hadi Kilwa unapata karibu sentimita 25, nami nina afya ya kutosha kwa sentimita zote hizo. Kuna wakati nahama ukurasa nikaenda Ngazidja, kule Komoro, kuuona mlima wa moto wa Karthala, au navuka hadi Muscat. Omani ina wazee wanaozungumza Kiswahili cha Unguja kwa sababu huko ndiko walikozaliwa, wakaondoka baada ya mapinduzi ya 1964. Nimewaza mara nyingi kumpigia hodi bibi mmoja kule na kumwamkia shikamoo, nione uso wake.

Lakini mwisho wangu ni Kilwa Kisiwani, kusini mwa pwani ya Tanzania, ambako nimetia nyota ndogo ya penseli. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alipita pale 1331 na kuusifu mji. Msikiti Mkuu uliojengwa kwa mawe ya matumbawe bado una kuba zake kadhaa, na katika magofu ya kasri la Husuni Kubwa kuna birika la pembe nane, juu ya mwamba unaotazama bahari. Masultani wa Kilwa walichapa sarafu zao wenyewe. Mwaka 1944 askari mmoja aliokota sarafu chache katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, na tano kati ya hizo zikaja kutambuliwa kuwa za Kilwa. Hapo ndipo zile karatasi zilizong'olewa zinaponiuma. Nataka kuweka kidole kimoja kwenye nyota yangu na kingine Wessel, na kitabu kinanikatalia. Ndiyo sababu simwachi yule kijana apumzike. Wiki iliyopita aliniambia, “Mathe, nimepata moja lakini haina Afrika,” tukatazamana. Nikamwambia ailete. Kwa bei nzuri nitakuwa nazo mbili.

Mara ya mwisho kunywa dafu ilikuwa 2009, Mombasa, kwenye feri ya Likoni. Muuzaji alilikata kwa mapigo matatu ya panga, maji yakanimwagikia kifuani, nikacheka. Dafu lina potasiamu nyingi, na sista alipoliandika katika orodha yangu ya makatazo alilipigia mstari mara mbili. Kule Kilwa, baada ya msikiti na lile birika, nataka kuketi kivulini nikabidhiwe dafu zima, nilinywe mpaka likauke, halafu nimwambie mwenye panga anikatie la pili.