Darasa la Torati la WhatsApp, mimi nimelikubali

Jamani hili darasa linafaa, wiki nzima tumekaa kwenye Kumbukumbu la Torati sura ya 27 tu, kwenye Biblia, zile laana 12, makabila 6 ya Israeli yanasimama mlima Gerizimu na 6 mlima Ebali, Walawi (kabila la watumishi wa ibada) wanatamka kwa sauti kubwa na watu wote wanaitikia Amina. Mwalimu akatuonyesha kitu sikuwahi kukiona, nyingi ni dhambi za sirini, kusogeza mpaka wa shamba la jirani, kumpoteza kipofu njia, kumpiga mwenzio kwa siri, yaani pale ambapo shahidi hayupo. Ile ya kupotosha haki ya mgeni, yatima na mjane ilinigusa sana aisee. Ila voisi noti ni ndefu mno, bando linaisha. Ntalipia tena mwezi ujao.