Fundi aliyeipunguzia ukali Peugeot ya kaka yangu, Nakuru

Kaka yangu alipohamia Mombasa aliniachia baiskeli yake ya resi, Peugeot ya chuma, usukani umejikunja kama pembe za kondoo. Mimi nilikuwa nimeomba friji. Kwenye lami, kutoka Section 58 hadi dukani kwangu mjini, haikuwa na neno. Shida ilikuwa Jumapili. Napenda kupanda kuelekea Menengai au kuzungukazunguka upande wa Hyrax Hill, na huko ni mawe, makorongo na lile vumbi letu laini kama unga wa ngano. Nilikuwa nikirudi vidole vimekufa ganzi, kiuno kinauma hadi Jumanne.

Nikaipeleka kwa fundi mwenye kibanda kule sokoni. Simtaji jina kwa sababu nina malalamiko, na bado nitarudi kwake.

Nilienda nikitaka aniuzie foku yenye shokapu. Akakataa pesa yangu! "Mathe, hiyo itakuinua mbele, na usukani utaanza kuyumba. Wacha kwanza tuone tairi."

Akatoa futi. Magurudumu yalikuwa ya inchi 27, yale ambayo tairi hukaa kwenye kipenyo cha milimita 630, na tairi za aina hiyo siku hizi unazitafuta kama dawa. Nilimuuliza kwa nini tusivalishe tu za Black Mamba, zile baiskeli nzito za kubebea mizigo, maana tairi zake ziko kila duka. Akacheka. Ya Black Mamba, 28 kwa 1½, ni 635. Zimekaribiana kwa macho lakini haiwezi kukaa kwenye rimu yangu. Alichopendekeza ni rimu za mtumba za 700C, ambazo ni 622, sawa na za baiskeli za mlima zinazoitwa 29, kwa hivyo tairi hazikosi. Na rimu ikiwa ndogo, nafasi inaongezeka milimita 4 kuzunguka pote. Akateremsha raba za breki milimita hizo 4, akavalisha tairi nene za milimita 35. Kati ya tairi na fremu penseli inapita. Najua kwa sababu nauza penseli, nilijaribu na moja.

Halafu presha. Zamani nilikuwa nawaambia vijana wa petroli wajaze hadi tairi igongwe ilie kama chungu. Sasa, kwa kilo zangu 74, naweka paundi 45 mbele na 50 nyuma. Nikipita juu ya jiwe, tairi inalimeza. Kama ungefanya jambo moja tu kwa baiskeli ya aina hii, fanya hilo. Mengine yote niliyolipia hayafikii hata nusu yake.

Tandiko alinitolea la Black Mamba lililotumika, lile pana la springi. Ni zito, na binti yangu anasema linafanana na kiti cha daktari wa meno, lakini kwa kuwa sasa nakaa wima, linanifaa kuliko ule ubavu wa samaki uliokuwapo. Shingo ya usukani nilitaka ipandishwe zaidi. Akanionyesha mstari uliochorwa kwenye chuma, kwamba ukionekana nje shingo inaweza kung'oka nikiwa njiani, akaishia hapo. Badala yake tukaondoa zile pembe, tukaweka usukani ulionyooka.

Na hapo ndipo aliponikosea. Alifunga mikono ya breki iliyotoka kwenye baiskeli ya mlima. Mikono ile huvuta waya mrefu, na breki za resi zinataka waya mfupi wenye nguvu. Sikujua hayo. Nilichojua ni kwamba Menengai iko mita 2,278 juu ya bahari na mimi nateremka, nabana breki, ni ngumu kama mti na baiskeli haisimami. Niliingia kwenye nyasi kwa hiari yangu. Jumatatu nilikuwa kibandani kabla hajafungua. Alibadilisha mikono bila kunitoza, akasema pole, ila pole ingekuja kabla ya mteremko ningeifurahia zaidi.

Pia aliahidi siku 3, zikawa 9.

Gharama: rimu mbili 4,500, tairi 2,800, tandiko 600, usukani na mikono 900, kazi yake 1,200. Elfu kumi kamili. Kuna duka moja lililoniambia ninunue baiskeli mpya, kwa zaidi ya mara tatu ya hiyo.

Ukienda, nenda katikati ya wiki asubuhi, Jumamosi amezingirwa na watu wa boda. Muulize breki na mikono yake ni jamaa moja kabla hajakaza nati hata moja. Na risiti uiombe mwenyewe, hatoi.