Viwanja vya Inyala, Mbeya: nimejenga mahali lori langu linalala uani

Kwa miaka kumi na moja mimi nililala kwangu na lori langu likalala kwa watu. Nilikuwa nimepanga Ilomba, gari liko yadi ya kulipia Uyole, shilingi 5,000 kwa usiku. Narudi kutoka Dar saa nane usiku, nimeshapanda mlima Kitonga, nimeshamaliza kilomita 800 na ushee, kisha naanza kutafuta bodaboda ya kunifikisha nyumbani. Na nikifika sipati usingizi. Asubuhi moja nilikuta betri mbili zimeng'olewa na tairi la akiba halipo, na mlinzi akasema hakuona mtu. Siku hiyo mke wangu aliniambia, "Baba, tukijenga, tujenge nyumba ambayo gari nalo lina chumba chake."

Ndiyo maana naandika kuhusu viwanja hivi vya Inyala, ukitoka Uyole kwa barabara ya kwenda Makambako. Kampuni iliyotuuzia sitaitaja jina. Eneo nalisifu kwa moyo wote, huduma yao nina manung'uniko nayo, na nitasema yote mawili.

Kabla ya Inyala tulikwenda kutazama nyumba za mradi, zile za geti moja na kamati ya wakazi. Nyumba nzuri, lami hadi mlangoni, maua kila kona. Wakatupa masharti yao yamechapwa: hakuna gari la zaidi ya tani tatu na nusu, hakuna kutengeneza gari nje, ukuta wa urefu mmoja na rangi moja, ada kila mwezi. Wanaotaka utulivu wa namna ile wana haki ya kuutaka. Lakini mimi kichwa cha Scania na tela la semi ndiyo shamba langu, ndiyo ada ya shule ya watoto. Hakuna mkulima anayekubali kuambiwa jembe lisilale kwake.

Jambo hili nilikuwa nimelisikia zamani. Kabla sijanunua gari langu niliendesha lori la watalii wanaopiga kambi njiani, Dar hadi Mbeya, kisha Tukuyu na mpaka wa Kasumulu kuingia Malawi. Safari moja nilibeba mzee na mkewe kutoka Marekani, wastaafu, ambao kwao walikuwa na gari kubwa la kuishi ndani, lina kitanda, jiko na choo. Walinieleza kwamba mitaa mingi ya kwao ina chama cha wenye nyumba. Masharti ya chama yanafungamana na hati ya kiwanja, kwa hiyo ukinunua nyumba umeyanunua nayo. Chama chao kiliwakataza kuegesha gari lile kwenye ua wao wenyewe, na kiliwatoza faini. Wakauza, wakaenda kujenga mahali pasipo na chama, pamoja na wenzao wenye magari kama yale. Yule mzee alinichorea kwenye vumbi kwa kijiti: kwanza njia ya gari, halafu banda lenye mlango wa futi 14 kwenda juu, kwa kuwa magari yale hufika futi 13 na nusu, halafu soketi ya umeme ya gari na bomba la maji machafu, na mwisho kabisa nyumba. Alisema, anza na gari, nyumba itajipanga. Mchoro ule sikuusahau.

Inyala hakuna kamati ya wakazi wala ada ya mwezi. Isikudanganye kwamba hakuna utaratibu. Yupo mwenyekiti wa kitongoji, ipo serikali ya kijiji, kibali cha ujenzi unakifuata halmashauri kama kwingine kokote, na kodi ya pango la ardhi unalipa. Ila hakuna wa kukupangia rangi ya ukuta wala tani za gari lako. Mtaani kwetu tuko wenye malori watano, mmoja ana trekta la kukodisha, mwingine ana Coaster mbili.

Nilichukua kiwanja cha kona, mita 35 kwa 40, shilingi 6,500 kwa mita ya mraba. Jumla 9,100,000. Kona ilikuwa ghali kuliko viwanja vya katikati, na ningeilipa tena leo bila kuwaza. Barabara mbili zinapita kwangu, kwa hiyo nina mageti mawili ya mita sita. Naingia kwa geti la juu, natokea la chini, lori halirudi nyuma hata hatua moja. Mwenye semi anajua maana yake: kurudi nyuma usiku, mvua inanyesha, utingo anapiga ubavuni kwa kiganja, "njoo, njoo, kata kulia", na mtoto wa jirani hujui yuko wapi. Nyumba nimeisogeza kwenye kona ya nyuma, vyumba vitatu na sebule, mita 11 kwa 10, na lori linapita mbele yake kwa mkunjo mpana.

Sasa ardhi, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo fedha yangu ilipozama. Udongo wa huku ni wa volkano, mweusi, viazi vinaupenda sana. Ukichimba kidogo unakuta jivu na vijiwe vyepesi vyenye matundu, unavyoweza kuvivunja kwa vidole. Kiangazi unauona mgumu kama sakafu. Mvua ikianza mwezi wa kumi na moja, na ikiendelea hadi wa nne, unalainika kama uji. Msimu wa kwanza nilileta gari tupu, bila hata gunia moja, nikaingia geti la juu vizuri. Karibu na nyumba nikasikia mlio kama mti unaokatika. Tairi la nyuma la kushoto lilikuwa juu ya karo la maji taka. Fundi alilichimba palepale kwenye njia ya lori, na mfuniko wake wa zege una nondo za milimita 8 zilizoachana mno. Niliziona kwa macho yangu zege lilipofunguka. Tairi liliingia hadi kwenye ekseli. Tulilitoa saa tano baadaye kwa lori la jirani na mnyororo, watoto wa mtaa wote wamesimama ukutani wanatazama.

Nilichofanya baada ya hapo ndicho ninachomshauri kila mtu akifanye kabla ya kupandisha hata tofali moja. Nilihamishia karo upande wa jikoni, mbali na njia. Njia ya lori nikaifukua sentimita 40, upana wa mita nne na nusu kutoka geti hadi geti. Tripu 11 za mawe, tripu 8 za moramu, na rola ya kukodi siku mbili kushindilia kila tabaka, huku tukimwagia maji. Pembeni mfereji wa mawe, maji yakimbie. Fedha iliyoingia pale ingeezeka nyumba bati zote na ikabaki. Mvua mbili zimepita na njia haijatitia hata kidole.

Vifaa vingine havisumbui, na hili ni jema la kujenga Nyanda za Juu Kusini. Saruji ya Tembo inatoka Songwe hapahapa, mbao za kuezekea nilipakia mwenyewe Mafinga zilizokwisha kutiwa dawa, tofali za kuchoma zipo kila kijiji. Maji ni ya mserereko kutoka mlimani, baridi hata mwezi wa kumi.

Kampuni. Matangazo yao yalisema barabara za mita 12 na mifereji tayari. Ramani ya upimaji kweli inaonyesha mita 12, na vigingi viko mahali pake, nilipima kwa kamba. Lakini greda lilipita mara moja tu, kwa upana wa mita tano, na penye kijito cha msimu hawakuweka kalavati. Hati waliniahidi kwa siku 90. Nimeipata baada ya miezi 14, nikiwa nimewapigia simu hadi namba yangu wakaijua kwa kichwa. Walipoitoa ilikuwa sahihi, miaka 99, na matumizi yameandikwa makazi na biashara kama nilivyoomba. Neno hilo la biashara liombeni mapema. Hati ikisema makazi peke yake, siku akija mtu kulalamika kuhusu lori huna karatasi ya kumwonyesha.

Na jihadharini na viwanja vilivyobandikana na barabara kuu. Dalali mmoja alinionyesha kiwanja kitamu mno, lami unaigusa. Nilipima. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 inahesabu mita 30 kila upande kuanzia katikati ya barabara kuu kuwa hifadhi ya barabara, na nusu ya kile kiwanja ilikuwa humo. Sote tumeshaona X nyekundu ya kubomolewa kwenye kuta za watu.

Kalavati tuliweka wenyewe. Hapa ndipo unapohisi kukosekana kwa kamati, maana hakuna wa kukusanya. Tulikaa kwa mwenyekiti wa kitongoji jioni moja, kaya 14, tukakubaliana shilingi 120,000 kila kaya. Mmoja alikataa, akasema yeye hana gari. Hatukumlazimisha, hatuna cha kumlazimishia. Mwenye trekta akalipa fungu lake, na mafuta ya kuvutia mawe akatoa yeye. Kila mwezi wa kumi tunazibua mifereji Jumamosi moja. Asiyekuja haji.

Kelele nazo zinahitaji uungwana. Lori halitoki hadi upepo wa breki ujae, na Julai huku kwa baridi ile injini inataka kunguruma dakika kumi nzima. Nilikuwa naondoka saa kumi alfajiri. Siku moja mama jirani, mtu mzima wa Tukuyu, alinisubiri ukutani.

"Mwanangu, shikamoo yako naipokea kila siku, lakini gari lako linaniamshia mjukuu."

"Nisamehe, mama. Nitalihamisha."

Sasa nikiwa na safari ya alfajiri, jioni nalisogeza hadi geti la chini, mbali na dirisha lake, kichwa kikitazama barabarani. Aliniletea ndizi mkungu mzima. Nikamwambia "ndaga fijo", asante sana kwa Kinyakyusa, akacheka hadi akashika kiuno. Huyu huyu ndiye anayemwangalia mke wangu ninapokuwa njiani siku sita.

Neno moja kwa wenzangu wa mpaka wa Tunduma: mzigo wa tranziti, unaopita kwenda nchi nyingine ukiwa na lakiri (muhuri) ya forodha, usiulete nyumbani hata kama ua wako una ukuta wa jela. Mimi ninaoleta uani ni mchele wa Ubaruku, viazi vya Njombe au gari tupu.

Kwa mwenye gari dogo na anayetaka lami, taa za barabarani na mtu wa kumlalamikia, sidhani Inyala patamfaa leo. Eneo nalipa nyota nne na nusu. Kampuni nyota mbili, na ya pili ni kwa sababu vigingi vyao vilikuwa vya kweli.

Jana niliingia saa saba usiku na viazi tani 28. Mke wangu alisikia lori linapunguza gia kwenye kona, akawa ameshawasha taa ya geti la juu. Nilizima injini nikiwa hatua kumi na mbili kutoka mlangoni kwangu, nikasikia upepo unatoka kwenye breki, na chai ilikuwa mezani.

Kiwanja cha kona kinachotazamana na changu bado kinauzwa. Anayekitaka aje mwezi wa tatu, mvua ikiwa imekolea, na aje na gari lenyewe, alizungushe pale akiwa bado na fedha zake mfukoni.