Nightly Business Report: nusu saa iliyonifundisha soko la hisa

Nilifika Marekani 2005, nikapata kazi ya kumhudumia mzee mmoja nyumbani kwake, zamu ya jioni. Jumatatu hadi Ijumaa, soko likishafungwa, lazima televisheni iwe PBS, mtandao wa televisheni ya umma, kwenye Nightly Business Report, kipindi cha habari za biashara. Mzee alikuwa na daftari dogo na penseli. Mtangazaji Paul Kangas akitaja bei ya kufungia ya kampuni mojawapo ambayo mzee ana hisa zake, anaiandika. Mkono ulipozidi kumtetemeka akaniachia mimi penseli.

Ndipo nilipojifunza, maana huwezi kuandika bei bila kusikiliza. Kangas aliwahi kuwa dalali wa hisa na ilionekana wazi. Hapayuki, hakuhimizi ununue. Anataja hisa, imepanda au imeshuka kiasi gani, na kwa nini: faida imepungua, mkataba umepatikana. Halafu nyingine. Akiaga alitutakia manunuzi mema, “good buys”, ambayo kwa Kiingereza inasikika kama kwaheri, “goodbye”. Mzee alicheka kila siku kana kwamba ni mara ya kwanza.

Jioni ya 29 Septemba 2008 sitaisahau. Wabunge walikuwa wamekataa mpango wa kuziokoa benki, Dow Jones, kipimo cha bei za hisa za kampuni kubwa 30 za Marekani, ikaporomoka pointi 777 kwa siku moja. Simu iliita tangu mchana, watoto wake wanataka auze kila kitu. Akawaambia wasubiri asikie kipindi kwanza. Tukakaa, nikaandika zile namba mbaya moja moja, na sauti ya Kangas ilikuwa ileile ya siku zote. Mzee hakuuza.

Kasoro zilikuwepo. Afrika ilikuwa kama haipo, na hatifungani, yaani mikopo ya serikali na kampuni inayouzwa sokoni, zilipitishwa mbio mno kwa mgeni kama mimi. Kilichoanza Miami mwaka 1979 kwenye kituo cha WPBT kilibadilika pia: Kangas alistaafu mwishoni mwa 2009, na 2013 utayarishaji ukaenda CNBC, televisheni ya habari za biashara. Mtangazaji mwenzake wa zamani, Susie Gharib niliyempenda, alikuwepo bado, lakini ule utulivu wa zamani sikuuona tena. Desemba 2019 kikafungwa kabisa. Miaka ya Kangas naipa nyota tano, iliyofuata tatu.

Siku hizi programu ya hisa kwenye simu hulia kila bei ikitikisika, hata niko kazini. Nimeizima sauti. Soko likifungwa ndipo naangalia, naandika bei zangu saba kwa penseli.